Nani Kala Bando?

Mwaka 2024 nyumba nyingi za Singida mjini zilishuhudia tukio lilelile: mtu mzima kasimama mbele ya mita ya LUKU, miwani imeshuka puani, mtoto pembeni akimsomea tarakimu kutoka kwenye simu. Hazikuwa zile 20 za siku zote. Zilikuwa 60, makundi matatu, na ilibidi ziingie kwa mpangilio: la kwanza, la pili, ndipo la tatu lenye uniti. Ukikosea, unarudia. Ukirudia, mtoto anaanza kusoma kwa sauti ya kuchoka, na mtu mzima anaanza kuuliza kama ile ni sita au tisa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hisabati, mkazi wa Mandewa, alilifanya zoezi hilo kwa heshima zake zote. Alivaa shati. Aliomba redio izimwe. Mita ilipokubali aliwakusanya wajukuu akawafundisha, maana mwalimu hastaafu, anaachishwa mshahara tu. Tokeni za mita za malipo ya kabla za aina hii, aliwaambia, zilikuwa zikipigwa mhuri wa dakika zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hutosha dakika 16,777,216, yaani mbili kwa kipeo cha 24. Dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingefika siku hiyo bila kubadilishiwa ufunguo wake wa siri ingekataa tokeni mpya, na mwenye nyumba angebaki na risiti mkononi na giza sebuleni. Yale makundi mawili ya mwanzo ndiyo yaliyobeba ufunguo.

"Mmeona?" alimalizia. "Kifaa chochote chenye akili lazima kisasishwe."

Hatua chache kutoka pale, juu ya meza ya sebuleni, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, ilikaa kompyuta yake mpakato. Ilikuwa ikiomba kusasishwa tangu mjukuu wa mwisho hajaanza kutambaa. Mjukuu huyo sasa anapanda miti.

Hilo lisimshangaze mtu. Mita ikigoma, nyumba nzima inajua papo hapo, na jirani anajua baada ya dakika moja. Kompyuta isiyosasishwa haigomi. Inawaka, inafungua barua, inapiga nyimbo za kwaya, inachapisha. Mfumo endeshi wake, ambao kwa nyumba nyingi ni Windows, umeandikwa na binadamu kwa mamilioni ya mistari, na penye mamilioni ya mistari hapakosi matundu. Tundu likigunduliwa, mtengenezaji hutoa kiraka. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwa Singida ni saa 2 au saa 3 usiku, kulingana na jinsi Wamarekani walivyosogeza saa zao. Kiraka kikitoka, wahalifu nao hukaa chini wakakisoma, maana kinawaonyesha tundu lilikuwa wapi. Kuanzia hapo ni mbio kati yao na mwenye kompyuta, na mwenye kompyuta mara nyingi hajui kama mbio zimeanza.

Mwalimu si mzembe. Ni mtu makini kupita kiasi, na umakini huo ndio uliomponza.

Mtanzania gani mwenye simu hajapata kupokea ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii"? Mwalimu huupokea, huusahihisha tahajia kichwani, kisha huipeleka namba hiyo kwenye 15040, iliyotengwa kwa ajili ya kuripoti matapeli wa simu. Amewahi kukaribishwa Freemason. Amewahi kutafutwa na mganga aliyeoteshwa jina lake lakini hakuoteshwa la ukoo. Amewahi kudaiwa kodi na mwenye nyumba, ilhali nyumba ni yake, kaijenga kwa mkopo wa mshahara tofali kwa tofali. Katika misukosuko yote hiyo hajaliwa hata shilingi, na kanuni iliyomlinda ni fupi: ujumbe ambao hukuuomba, unaokuharakisha, unaokutaka ubonyeze kitu, ni wa tapeli.

Balaa ni kwamba kompyuta nayo huandika vilevile. Kifaa chako kiko hatarini. Kinakosa masasisho muhimu. Bonyeza hapa. Mwalimu aliusoma ujumbe huo kwa tabasamu la mtu anayemjua mwizi wake kwa mwendo. Ni walewale, alisema, wamehamia kwenye kioo kikubwa. Akawa anabonyeza kitufe cha "nikumbushe baadaye" kila unapojitokeza, akiwa na uhakika kwamba huko aliko tapeli anazidi kukonda.

Na hakuwa anaota. Aprili 2022 wahalifu walisambaza Magniber, programu inayofunga mafaili ya mtu na kudai fidia, wakaivisha sura ya sasisho la Windows 10. Watu walioipakua walidhani wanajilinda. Tofauti ni mlango ambao ujumbe umepitia. Sasisho la kweli haliletwi na ukurasa wa intaneti unaometameta. Linakaa ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye mipangilio, chini ya jina Windows Update. Mwenye shaka hafanyi ubishi na ukurasa. Anaufunga, anaingia kwenye mipangilio kwa miguu yake, kama mtu aliyepigiwa simu na "ofisa wa benki" anavyokata na kwenda tawini mwenyewe. Mwalimu angeambiwa hivyo mapema, makala haya yangekuwa mafupi.

Jumatano moja bando likapotea.

Lilikuwa bando la wiki, gigabaiti za kutosha, limenunuliwa mchana kwenye simu ya binti yake mkubwa, ambaye huwasha hotspoti jioni ili nyumba nzima ipate. Kabla taarifa ya habari ya saa 2 usiku haijafika kwenye michezo, simu ikaleta ujumbe kwamba bando limekwisha. Televisheni ikapunguzwa sauti. Katika nyumba ya Kitanzania kuna makosa ya kusamehewa, na kuna kula bando la mwenzio.

Kikao kilikaa hapohapo. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa mjukuu wa kidato cha tatu, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu alikuwa anacheka na simu. Wa pili alikuwa mgeni kutoka Kiomboi, shemeji wa mbali aliyekuja kufuatilia mafao, ambaye jana yake aliulizia nywila ya hotspoti kwa sauti ya upole mno. Mgeni alijitetea kwamba simu yake ni ya vitufe. Ikaonekana ni kweli. Lakini swali lilishaulizwa mbele ya watu, na nywila ya nini kwa mwenye simu ya vitufe, hilo nalo halikupata jibu la kuridhisha. Asubuhi aliaga kabla ya chai, akisema mabasi ya Iramba siku hizi yanawahi.

Mjukuu, aliyebaki mtuhumiwa pekee, akafanya ambalo watuhumiwa wengi hawana zana za kulifanya: alileta takwimu. Kwenye mipangilio ya kompyuta kuna orodha inayoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani. Akaigeuza ili Babu aione. Juu kabisa, mbele ya kivinjari, mbele ya kila kitu, lilikaa neno moja: mfumo.

"Babu, aliyekula ni kompyuta yako."

"Imekula nini na mimi nilikataa?"

Hapo palikuwa na kisa. Kitufe cha "baadaye" huahirisha kuzima na kuwasha upya, hakizuii kupakua. Mfumo ulikuwa umeshalishusha sasisho, toleo zima la gigabaiti kadhaa, kimyakimya, huku mwenyewe akijipongeza kwa kuukatalia. Mwalimu alikuwa analipia kiraka kwa bei kamili kisha anakataa kibandikwe.

Mtu anayekaa kwenye intaneti ya nyaya isiyo na ukomo hawezi kulielewa tatizo hili. Sasisho la kawaida la mwezi huwa mamia ya megabaiti, na mara nyingine huvuka gigabaiti moja. Toleo jipya la mfumo huwa zaidi ya hapo. Waliouunda mfumo waliliona kidogo, kwa hiyo waliweka swichi: ukiingia kwenye sifa za Wi-Fi uliyoiunga, unaweza kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unapimwa kwa kipimo, nayo itaacha kushusha sehemu kubwa ya masasisho hadi uiruhusu. Unaweza pia kuyasimamisha kwa wiki hadi tano, ukayaamsha siku uliyonunua bando la usiku, lile la bei nafuu linalokutaka uwe macho saa ambazo majogoo wenyewe wamelala. Na nyumba yenye kompyuta mbili inaweza kuruhusu moja ishushe kisha igawie nyingine. Yote haya yamo ndani ya mashine. Hayajaandikwa kwenye boksi, na mitumba haiji na boksi.

Mwalimu hakutaka swichi. Alitaka haki. Akaifunga kompyuta kwenye mfuko wa rambo, akaenda kwa fundi.

Fundi ana steshenari karibu na stendi. Ni chumba kimoja chenye kazi za wizara nzima: fotokopi, picha za pasipoti mbele ya shuka la buluu, kuombea watu mikopo na ajira mtandaoni, kubandika vyeti plastiki, kuuza kalamu. Kwenye kaunta kuna bakuli la flashi walizosahau wateja, na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya rangi kwamba mali iliyoachwa zaidi ya mwezi si jukumu la ofisi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hii inakula bando."

"Apdeti hizo. Nikuzimie?"

"Zima."

"Na ulinzi nao nizime, maana unanifutia kraki."

"Kraki ndiyo nini?"

"Ndiyo inayofanya Windows yako isidai hela, mzee wangu."

Mwalimu, aliyewahi kufuta mtihani wa darasa zima kwa sababu ya kunakiliana, aliuliza kama jambo hilo ni halali. Fundi akamjibu kwamba mtaa mzima uko hivyo. Ni jibu lilelile alilopewa na darasa.

Ukiwasikiliza mafundi kwa haki, hawana nia mbaya. Mteja anataka kompyuta iwake, isidai pesa, isile bando, na anataka hayo leo kabla basi halijaondoka. Fundi anampa alichokuja nacho mdomoni. Lakini kompyuta isiyo na masasisho, isiyo na ulinzi, yenye programu ya wizi iliyotoka haijulikani wapi, ndiyo hasa inayotafutwa. Familia ya programu za utekaji wa mafaili iitwayo STOP, au Djvu, imewaumiza watu wa majumbani kuliko kampuni, na njia yake kuu imekuwa hizohizo kraki: unafungua inayokusaidia usilipe, inakufungia picha za ubatizo na kukudai dola. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kuyafungua mafaili ya matoleo mengi ya mwanzo. Waliopatwa na matoleo ya baadaye, wengi wao hawakuokolewa na mtu.

Kisha kuna flashi. Mwalimu ni mlezi wa kwaya, na kwaya ina flashi moja ambayo imetembea kuliko mchungaji. Hutoka kanisani, ikaenda shule kuchapishiwa ratiba, ikapita steshenari, ikaingia kwenye redio ya bajaji ya mpiga kinanda, ikarudi kwenye sebule ya Mandewa bila kuulizwa ilikolala. Siku moja ilirudi ikiwa imejaa njia za mkato: kila folda limegeuka kialama chenye mshale mdogo kwenye kona, na ukikibonyeza unaiamsha takataka iliyojificha nyuma yake. Kwaya ililia nyimbo zimepotea, na mmoja akashauri flashi ifutwe yote kuanzia mwanzo. Bahati nzuri mjukuu aliwahi. Virusi vya namna hiyo mara nyingi havifuti kitu. Huyaficha mafaili tu, na ukiiambia kompyuta ionyeshe yaliyofichwa, yanatokea yote, sopranu na besi.

Mchezo huu una historia. Virusi vya Conficker vilipoanza kusambaa Novemba 2008, tundu vilivyopitia lilikuwa limeshatolewa kiraka mwezi uliotangulia, na baadaye vikajifunza kupanda flashi, kwa kuwa Windows za zamani ziliweza kuamsha kilichomo ndani ya flashi mara tu inapochomekwa. Februari 2011 Microsoft ilituma sasisho la kuizima tabia hiyo kwenye XP na Vista. Kompyuta iliyopokea sasisho ilipona ugonjwa huo. Kompyuta ambayo fundi alishaizimia apdeti iliendelea kukaribisha kila mgeni.

Aliyembadilisha Mwalimu mawazo ni mjukuu yuleyule wa kidato cha tatu, aliyekuwa na jina la kusafisha. Usiku mmoja alimsomea habari za WannaCry. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 programu hiyo ilianza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubonyeza chochote, ikafikia zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kila kompyuta ilidaiwa dola 300 kwa sarafu ya bitcoin. Aliyeipunguza kasi alikuwa kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliyeona kwamba programu hiyo kabla ya kushambulia inaulizia anwani fulani ya mtandao isiyo na mwenyewe. Akaisajili kwa dola zisizofika 11, na programu ilipoipata ikaacha kushambulia.

"Na kiraka?" Mwalimu aliuliza.

"Kilitoka tarehe 14 Machi, Babu. Siku 59 kabla."

Mwalimu alihesabu kwa vidole, akakubali ni 59. Kilichomgusa zaidi ni barua ya watekaji. Ilikuwa imetafsiriwa katika lugha 28, Kifilipino kimo, Kilatvia kimo, Kiswahili hakimo. Alikaa kimya muda mrefu, akiwa hajui kama ashukuru au akasirike.

Kesho yake masasisho yaliwashwa, kwa sharti moja kutoka kwa mwenye kompyuta: yasimwingilie kazini. Mjukuu akamwambia mfumo una mahali pa kuandika saa za kazi, na kwamba ndani ya saa hizo hautajizima wenyewe. Akamfungulia ukurasa, akaitwa na bibi yake kuteka maji, akamwachia Babu ajaze.

Mwalimu hufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Saa za kompyuta zilikuwa zimepangwa kuanzia 0 hadi 23. Akachagua 2:00. Akachagua 11:00. Akahifadhi.

Kompyuta ikamtii. Ikaelewa kwamba bwana huyu huamka saa nane usiku, hupiga kazi hadi saa tano asubuhi, kisha hana shughuli. Alasiri yote, kwa hesabu zake, ilikuwa wakati huru.

Jumamosi iliyofuata, saa nane na ushei mchana, Mwalimu alikuwa anaandika orodha ya michango. Mtoto wa kaka yake alikuwa anaoa, na yeye ndiye katibu wa kamati, kwa sababu ndiye mwenye kompyuta. Orodha ilikuwa na safu nne: jina, ahadi, taslimu, bidhaa. Kwenye bidhaa palikuwa na Singida nzima: madumu ya mafuta ya alizeti, magunia ya vitunguu, mbuzi, kuku wa kienyeji wa idadi mbalimbali. Wajumbe walikuwa wamejaa sebuleni, kila mmoja akitaja chake na kuchungulia kioo kuhakikisha kimeandikwa. Ujumbe mdogo ukatokea kwenye kona. Mwalimu akauondoa kwa mazoea, bila kuacha kuandika. Ukatokea tena. Akauondoa tena. Mara kioo kikageuka buluu tulivu, vidoti vikaanza kuzunguka, na maandishi yakamwomba asizime kompyuta.

"Imekuwaje?" aliuliza mwenyekiti.

"Inasasishwa," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Ilipowaka, baada ya chai kunywewa na birika kurudishwa jikoni kujazwa upya, orodha haikuwa imepotea yote. Programu za ofisi za Microsoft, zisipobadilishwa, huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Nakala ilipatikana. Ilikosa dakika za mwisho tu, na dakika hizo za mwisho ndizo zilizogeuka kuwa nene kuliko kikao kizima. Shangazi, aliyekuwa ametoa kuku watano, alionekana bado yuko kwenye ahadi. Akaishangaa kamati, akanyoosha kidole dirishani: kuku wenyewe walikuwa uani wamefungwa miguu, wanapiga kelele, ushahidi usiohitaji kompyuta. Shangazi akaandikwa. Hapo wengine nao wakaona mlango uko wazi. Mjomba mmoja, ambaye ahadi yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko uchumba wenyewe, akakumbuka kwamba naye alilipa, tena taslimu, tena muda uleule. Waliolipa ndani ya zile dakika chache wakawa wengi kiasi kwamba wasingeenea sebuleni wala wasingemaliza kupanga foleni.

Shemeji wa Mwalimu, mfanyabiashara wa alizeti asiyependa kompyuta, alikuwa akiisubiri siku hiyo. Akasimama akaikumbusha kamati tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho moja lilipoangusha ndege duniani. Halikuangusha ndege. Lilizuia nyingi zisipae, maana sasisho bovu la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Shemeji alikuwa na hoja, na mwandishi wa makala haya hamkatalii: sasisho linaweza kuvunja kitu kilichokuwa kizima, na anayesema halijawahi kutokea anauza kompyuta. Ila bidhaa ile hununuliwa na mashirika. Kompyuta ya sebuleni haina. Tena ukiangalia kwa makini, kilichoiangusha kamati ya harusi ni sebule kuhesabu saa kuanzia alfajiri huku mashine ikihesabu kuanzia usiku wa manane, bila yeyote kuwasuluhisha. Wale wasanifu wa Marekani wangepata wapi habari hiyo? Shemeji alipendekeza daftari la kaunta. Likanunuliwa, na sasa orodha ina nakala mbili, jambo ambalo wataalamu wa usalama huwaomba watu wafanye kila siku, na watu hulifanya baada ya kuumbuka tu.

Mambo yangetulia, lakini Oktoba ikaja. Windows 10, iliyozaliwa tarehe 29 Julai 2015, ilifikishwa mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa dunia nzima ilikuwa Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa Tanzania ilikuwa Siku ya Nyerere, ofisi zimefungwa, na Mwalimu wa Mandewa, anayeiheshimu siku hiyo kuliko sikukuu yake ya kuzaliwa, aliona mtengenezaji amekosa adabu kuiachia kompyuta mkono siku kama ile.

Windows 11 haikumkubali. Inataka kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane kwenda juu na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kompyuta yake ni ya kizazi cha sita, mtumba wa ofisi ya Ulaya uliopitia Dubai na Kariakoo, mzima wa afya isipokuwa betri iliyokufa zamani na herufi K inayotaka kubonyezwa kwa hasira. Kuitupa mashine inayowaka ni jambo ambalo Singida halijafikia. Mjukuu akagundua kuna mwaka wa nyongeza: watumiaji wa nyumbani wanaweza kuendelea kupata viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure wakiingia kwa akaunti na kuruhusu mipangilio yao ihifadhiwe mtandaoni. Alikuwa na mpango wa pili, Ubuntu, mfumo wa bure unaosasishwa bure. Mwalimu aliuliza kama utafungua orodha ya michango. Akaambiwa utafungua, na kwamba programu za ofisi za namna hiyo zilishatolewa kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, kazi ya mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa jina Jambo OpenOffice. Mwalimu alilipokea jambo hilo kwa fahari, kisha akachagua mwaka wa nyongeza.

Ila kwanza kraki ilibidi itoke. Mjukuu aliigeuza kompyuta kifudifudi, akapangusa vumbi, akakuta kibandiko cha mtengenezaji: Windows 10 Pro. Tangu zama za Windows 8, kompyuta zinazouzwa na Windows yake huja na ufunguo wa leseni umeandikwa ndani ya mashine yenyewe. Ukisimika toleo linalolingana nao, linajitambua lenyewe, halidai kitu. Mwalimu alikuwa amemlipa fundi amwibie mali ambayo tayari ni yake.

Alikwenda steshenari kumweleza. Fundi alisikiliza yote, akakohoa, akauliza kama Mwalimu angependa picha za pasipoti.

Usimikaji mpya ulifanyika usiku, kwa bando la usiku lililochangiwa na wanakaya wote na kuandikwa kwenye daftari la kaunta, taslimu upande mmoja, ahadi upande wa pili. Saa za kazi zilijazwa na mjukuu: 8:00 hadi 17:00. Huku wakisubiri, kikao kilipitisha kwa kauli moja kwamba mgeni wa Kiomboi alionewa, na kwamba aandikiwe barua ya kuombwa radhi. Bibi alishauri wampigie simu tu. Mwalimu akakataa katakata. Mtu aliyedhalilishwa kwa kompyuta ataombwa radhi kwa kompyuta, kwa barua iliyochapwa, yenye kumbukumbu namba. Ataiandika ikishawaka. Wakati huo ilikuwa imefika asilimia 35, na bibi alishaanza kutandika kitanda.